Yaglikich wa Mwisho

Sreten mchonga mawe alipanda kwa mzee Miloyko mwanzoni mwa Novemba, theluji bado haijashika ardhini, akamkuta anapanga kuni ukutani. Alikuwa amekuja kumalizia habari ya jiwe la kaburi. Picha mbili za kupachika alikuwa nazo tayari, ya marehemu Dobrila na ya Miloyko mwenyewe, maana huku kwetu mgane hujitengenezea jiwe pamoja na la mkewe: sura yake inawekwa, mwaka wa kuzaliwa unachongwa, na wa kufa unaachiwa nafasi. Hakuna anayeona uchuro katika hilo. Mtu hupita makaburini siku ya Jumapili akajiona amesimama pale na kofia yake, akaenda zake kula.

"Sasa mzee wangu, jina nichonge lipi?" Sreten aliuliza. "La Dobrila najua. Lako je?"

"Kwani wewe hulijui jina langu?"

"Nalijua sana. Ila kaka yako Gvozden kanisimamisha darajani. Kasema nisitie patasi kwenye jiwe mpaka nikuulize tena, eti wewe ni Tripkovich, na mahali pako ni bondeni, ubavuni kwa baba yenu."

Miloyko aliinama, akaokota gogo, akalipanga. Akaokota la pili. Sreten akadhani hakusikia.

"Ngoja ipite Siku ya Mtakatifu Mrata," mzee akasema hatimaye. "Nitakujibu baada ya hapo."

Sreten akapandisha mabega, akateremka. Ndani ya moyo wake aliona ni ukaidi wa uzee tu. Haukuwa ukaidi. Miloyko alikuwa na hofu, na hofu yenyewe hakuwa na wa kumweleza, kwa sababu aliyekuwa akielezwa mambo hayo alikuwa chini ya udongo tangu Februari.

Jina la Yaglikich hulikuti popote isipokuwa kwenye mlima wetu, na hata hapa siku hizi ni la kutafuta kwa tochi. Zamani upande wote wa juu wa mlima, Gornya Strana, ulikuwa wao. Ukirusha jiwe gizani, aliyetukana ni Yaglikich. Wanaume wa ukoo walipenda kusimulia kwamba babu yao alikuwa shujaa wa msituni aliyewavizia Waturuki kwenye njia ya mlimani, mwenye masharubu ya kufungia farasi. Wanawake wakisikia hayo walicheka chinichini ndani ya vitambaa vyao. Hakukuwa na shujaa wala masharubu. Kulikuwa na Yaglika, mjane kijana aliyeachiwa wana watatu na mume aliyeuawa shambani kwake. Watu wa upande wa mume walikuja kumwozesha kwingine na kugawana watoto kama wanavyogawana kondoo, akawafukuza na uma wa nyasi. Akalima mwenyewe. Mtoza kodi wa Sultani alipouliza watoto wale ni wa nani, alijibu ni wa Yaglika, basi wakawa wa Yaglika, wao na waliotoka kwao. Jina la yule mume hakuna anayelijua mpaka leo.

Ningekuwa mimi ningeringa kwa asili kama hiyo. Wao waliona haya. Mwanamume akishuka gulioni anaulizwa, "Wewe ndiye wa yule mama?" na damu inampanda. Waliohamia mjini wakachukua majina mengine, mazuri mazuri, yanayoishia vizuri mdomoni na yanayojaza barabara nzima. Waliobaki, homa ya chawa iliwapunguza katika vita vya kwanza, na vita vya pili vikaja kumalizia kazi. Mwaka wa arobaini na sita zilikuwa zimebaki nyumba chache tu juu kule, na katika ile ya mwisho kabisa, chini ya msitu wa misonobari, alikaa Radoye Yaglikich na binti yake Dobrila. Wana wawili wa Radoye hawakurudi.

Mzee Radoye alifanya jambo ambalo lilisimuliwa hadi vijiji vya mbali. Alivaa koti lake la sikukuu, akachukua chupa ya rakia, pombe kali ya plamu, akateremka bondeni kwa akina Tripkovich, akaposa mwanamume. Kule walikuwepo ndugu wawili tu, Gvozden mkubwa na Miloyko mdogo, wazazi wamekufa, na kipande cha shamba ambacho hakikutosha hata ugomvi wao. Radoye hakuzunguka. Alisema ana nyumba, ana ardhi, ana binti asiye na kilema, na hana mtu. Anayekuja aje na nguo zake, na jina lake aliache kwenye kizingiti.

Miloyko alimtazama kaka yake. Gvozden aligeuzageuza glasi.

"Nenda," akasema. "Hapa tutakula wawili tushibe nusu. Nenda, mdogo wangu."

Akaenda. Na huku kwetu, mwanamume akihamia nyumbani kwa mkewe anaitwa domazet, na neno hilo linatamkwa kwa namna ya mtu anayetema mbegu ya tikiti. Alipopita na mbuzi wa mkwewe, vijana walikaa juu ya ua wakimwimbia. Aliyezidi wote kwa mdomo alikuwa jirani wa ng'ambo ya korongo, Obrad.

"Jamani, Miloyko kaolewa!" Obrad alikuwa akipiga kelele mpaka mlima unamjibu. "Ee bi harusi! Mahari wamekupa mbuzi wangapi? Usilie sana usiku, mwaya, kwenu si mbali!"

Miloyko hakuwa na ulimi wa kujibu. Hakuwahi kuwa nao. Angeuma meno akaswaga mbuzi, na jioni Dobrila angemwambia, "Huyo Obrad mkewe anampiga, ndiyo maana anakuja kupumulia kwako," na Miloyko angecheka mpaka machozi. Alimpenda Dobrila siku zote za maisha yake. Naliandika hivi hivi bila kulipamba, kwa kuwa kijijini watu walidhani aliipenda ardhi.

Lakini kulikuwa na siku moja katika mwaka ambayo hata Dobrila hakuweza kumponya, nayo ni Slava, siku ya mtakatifu wa ukoo. Wa akina Tripkovich ni Malaika Mkuu. Wa akina Yaglikich ni Mrata, siku tatu baadaye. Mtu haalikwi Slava. Anakuja mwenyewe, au haji. Mwenye nyumba huwasha mshumaa wa nta, husimama kuanzia asubuhi mpaka mgeni wa mwisho aondoke, akimimina na kugawa, wala hagusi kiti. Anayeketi ni mgeni. Slava ya kwanza Miloyko alisimama karibu na Radoye ashike sinia, na mzee akamwambia mbele ya watu, kwa upole kabisa, "Keti, mwanangu, kula." Akaketi. Miaka ikapita hivyo, anaketi katika nyumba anayoikarabati paa yeye mwenyewe.

Radoye alipofariki, Miloyko akawasha mshumaa na kusimama. Wageni wakaja kama kawaida, wakavua kofia mlangoni, wakampita na kumwambia mkewe: "Slava njema, Dobrila." Dobrila angewaelekeza kwa kidevu, "Mwenye nyumba ni huyu hapa." Nao wangetabasamu kidogo, wakampa mkono. Hawakuwa na ubaya. Walikuja kwa ajili ya damu ya nyumba, na damu ilikuwa Dobrila.

Mara moja tu jina hilo lilimpa raha, na raha yenyewe ilikuja na mwiba. Alikuwa kwenye soko la ng'ombe mjini, mnunuzi akamwita kwa sauti, "Yaglikich, mshike kamba huyo fahali!" Mtu mmoja mnene, mgeni kabisa, akaja akisukumana na watu, akamkumbatia. Baba yake alikuwa wa kutoka mlima wetu, alihamia mbali kabla ya vita vya kwanza. Hakuwahi kukutana na mwingine mwenye jina lake.

"Ndugu yangu!" alilia yule mtu, analia kwelikweli. "Nilidhani tumekwisha! Hebu nikutazame. Pua ileile ya marehemu baba!"

Miloyko alisimama mikononi mwake na pua yake ya Tripkovich. Alitaka kusema ukweli. Akaona machozi ya yule mtu, akasema tu, "Tupo, ndugu yangu. Bado tupo." Wakanywa pamoja, wakaagana. Yule mtu hakuwa na mtoto wa kiume. Njia nzima ya kurudi Miloyko alijiona mwizi, na papo hapo alijiona mwenye ndugu, hakujua ashike lipi.

Mtoto alijaliwa mmoja, binti, Slavka, ambaye aliolewa mjini na kuchukua jina la mumewe kama ilivyo desturi. Nyumba nyingine za Yaglikich zikafungwa moja baada ya moja. Kwa hiyo Februari Dobrila alipozikwa, kwenye mlima wetu alibaki Yaglikich mmoja, naye hakuzaliwa hivyo.

Gvozden alimjia baada ya arobaini ya msiba. Hakuwahi kuoa, au tuseme alichelewa kila mara mpaka ikawa basi. Nyumba yake bondeni ilinuka mtu mmoja. Aliketi jikoni kwa ndugu yake, fimbo katikati ya magoti.

"Sasa umemaliza," akasema. "Deni lako kwa nyumba hii umelipa na zaidi. Rudi."

"Nirudi wapi, kaka? Nina miaka sitini na kitu."

"Urudi jina. Urudi makaburini kwetu. Mahali pako nimepalilia, kati yangu na baba. Hapa unamlindia nani? Wamekwisha hawa. Jina lenyewe la mwanamke aliyekufa enzi za Sultani! Na hawa majirani zako, walikuja kwa ajili ya Dobrila. Subiri Mrata ufike, utaona atakayekuja."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomwingia, kwa sababu yalikuwa mawazo yake mwenyewe. Ndiyo maana alimwambia Sreten angoje. Wakija, wamekuja kwa Yaglikich. Wasipokuja, basi miaka thelathini na zaidi alikuwa mgeni aliyekawia, na mgeni huzikwa kwao.

Siku ya Malaika Mkuu ilifika. Miloyko alishuka bondeni kula Slava ya kaka yake, kama kila mwaka. Akamkuta Gvozden amekunjika, mgongo umekaza, hata chupa haiinui, na chumba kimejaa watu. Miloyko hakufikiri. Alivua koti, akachukua sinia, akasimama mpaka jioni, akimimina, akigawa ngano tamu yenye jozi, akipokea salamu za watu mlangoni. Watu walitazamana. Yeye hakuona.

Siku tatu baadaye aliamka mapema kwa Slava yake. Alichinja, alipika, alioka mkate kama alivyomwona Dobrila akiuoka, ukatoka umeinama upande. Akatandika meza kubwa. Akawasha mshumaa mbele ya picha ya Mrata, akaomba, akasimama.

Alisimama asubuhi yote. Kabichi yenye nyama ikachemka, ikapoa, akaipasha, ikapoa tena. Mkate ulikaa mzima katikati ya meza, kwa kuwa mkate wa Slava haukatwi na mtu mmoja. Unashikwa na mikono ya watu wawili, unazungushwa, unabusiwa, ndipo unamegwa. Kutoka dirishani aliona moshi wa nyumba zote za ng'ambo. Aliwaona watu wakitoka zizini na kurudi ndani. Hakuna aliyeshika njia ya kwake. Hata mbwa hakubweka. Kufikia saa sita alikuwa amekwisha kujijibu, na jibu lilimuuma kuliko msiba, maana katika msiba angalau watu walikuja.

Ndipo mbwa akabweka. Alikuwa Obrad, mzee sasa, na nguo za kazi zenye vumbi la mbao.

"Miloyko! Upo? Nilidhani sikukuti. Nataka msumeno wako wa..." Akaona mshumaa. Akaona meza, mkate mzima, na mtu aliyesimama peke yake katika koti lake la sikukuu. Akavua kofia haraka. "Mungu wangu. Unafanya Slava?"

"Nifanye nini tena leo?"

"Lakini wewe si... Jamani, sisi tulikuona! Kwa Gvozden, siku ya Malaika Mkuu. Umesimama na sinia, unamimina. Kijiji kizima kilikuona. Tukasema, basi, Miloyko amerudi kwa mtakatifu wa kwao. Mtu hasimami kwenye Slava isiyo yake! Mke wangu alitaka kuja leo, nikamwambia utamtia mwenzio aibu, nyumba itakuwa imefungwa."

Miloyko alikaribia kuketi, kisha akakumbuka, akajizuia kwa kushika ukingo wa meza. Kila kitu kilichomkaba tangu asubuhi kilikuwa kimesimama juu ya mgongo mbovu wa Gvozden. Akapata ulimi, kwa mara ya kwanza.

"Kaka yangu anaumwa mgongo, Obrad. Nilimsaidia. Mimi nyumba yangu ni hii, na mtakatifu wangu ni huyu. Umenicheka tangu nilipokuja, nikanyamaza. Leo nakwambia: mimi ni Yaglikich. Kama huamini, chukua msumeno uende."

Obrad alikunja kofia yake. Ule mdomo wake wote ulikuwa umemtoroka.

"Hivi nilikucheka hadi leo?" akauliza.

"Hadi juzi."

"Basi mimi ni mpumbavu mzee. Lete huo mkate."

Waliushika pamoja, wakauzungusha, wakaubusu, wakaumega. Kisha Obrad akaweka chini kipande chake na kukuna kichwa.

"Kukualikia watu siwezi, Slava haialikwi. Lakini mke wangu naweza kumwita, si ndiyo?" Akatoka mpaka ukingo wa korongo, akaweka viganja mdomoni, na sauti ileile iliyoimba kuhusu bi harusi ikavuka mlima mzima: "Ooo Milunkaaa! Usiningoje kulaaa! Nipo Slava kwa Yaglikiiich! Mwenye nyumba kasimamaaa, mimi nakulaaa!"

Milango ikafunguka ng'ambo. Haikupita muda mrefu, wakaanza kuonekana kwenye njia, mmoja mmoja, wanawake wakifunga vitambaa huku wakitembea, wanaume wakivaa mikono ya makoti, wenye haya usoni. Walivua kofia mlangoni. Hakukuwa na Dobrila wa kusalimiwa. "Slava njema, mwenye nyumba," walimwambia, kila mmoja, wakimtazama yeye, naye aliwabusu na kuwapa kijiko cha ngano. Sreten mchonga mawe alikuja pia. Chumba kilijaa, na kwa kuwa nyumba ilikuwa na msiba hawakuimba, ila walikula vizuri na kumsifia mkate ule mbovu bila aibu yoyote.

Alasiri, kelele zikakatika ghafla. Gvozden alikuwa mlangoni, ameinama juu ya fimbo, theluji hadi magotini. Sauti ya Obrad ilikuwa imefika hata bondeni. Alitazama meza, mshumaa, watu. Akahangaika na kofia yake mpaka akaivua.

"Slava njema," akasema, na kila mtu alisikia ilivyomgharimu. "Slava njema, mwenye nyumba."

Miloyko alimbusu mara tatu, akamkalisha mahali pa heshima, akamlisha ngano kwa mkono wake. Alikuwa na furaha kiasi cha kuogopa. Na Sreten, ambaye hana busara hata akiwa hajanywa, akachagua wakati huo huo kuuliza kutoka upande wa pili wa meza:

"Haya mzee, Mrata ndiye huyu. Nichonge lipi?"

"Yaglikich," Miloyko alisema. "Sote wawili. Herufi ziwe sawa kwa sawa."

Watu wakanong'ona kwa kuridhika. Gvozden alitikisa kichwa polepole kukubali, akinyoosha kitambaa cha meza mbele yake.

"Sawa," akasema kwa sauti ya chini, ya ndugu yake peke yake. "Mimi ndiye niliyekwambia nenda. Umeenda vizuri, sina la kukulaumu." Kisha akainua macho. "Sasa mimi, Miloyko, kule bondeni nitalala kando ya nani?"

Miloyko alikuwa amesimama ubavuni kwake, chupa mkononi. Akainama, akammiminia. Rakia ikajaa, ikapita ukingo wa glasi, ikatambaa kwenye kitambaa cheupe, na hakuna kati ya wale ndugu wawili aliyenyoosha mkono kuifuta.